Yowe la Krismasi

Jumamosi, 9 Novemba

Wameiba ovaloku yangu, kimashine changu cha kufungia kingo za mishono. Nayaandika haya mwanzo kabisa kabla hasira haijaninyang'anya maneno.

Tulikuwa kwenye jumuiya ya kanisa kwa Getruda, nyumba ya nne kutoka kwetu, asubuhi na mapema, tunasali rozari. Narudi nakuta komeo la mlango wa nyuma limeng'olewa. Cherehani kubwa ipo, maana ni nzito. Ovaloku haipo. Mtungi wa gesi haupo. Sufuria la maharage nalo wamebeba, maharage yenyewe wameyamwaga sakafuni, yaani walitaka sufuria tu. Nimeyazoa kwa mikono nikiwatukana mpaka koo likanikauka.

Mimi ni fundi wa sare za shule. Tabora ni mji wa shule, na Januari ndiyo mwezi wangu. Miezi mingine nashona viraka na kupunguza suruali za marehemu. Bila ovaloku, mishono yote ya ndani nitaikunja kwa mkono. Wakirudi kuchukua cherehani na majora ya kitambaa niliyokwisha kununua, basi mwaka wangu umekwisha kabla haujaanza.

Sylvester, mume wangu, alisimama mlangoni akasema, "Tumshukuru Mungu hatukuwepo."

Nikamwambia tungekuwepo wasingeiba. Akavuta kiti akakaa. Ni mstaafu wa reli, kazi ya kusubiri anaijua.

Jioni mvua ya kwanza imenyesha. Na bati linavuja.


Jumatatu, 11 Novemba

Nassibu amekuja kufunga komeo jipya. Ni fundi bati, mtoto wa mwisho wa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa upande wa kulia. Anatengeneza ndoo, mabirika, na zaidi ya yote matranka ya wanafunzi wa bweni. Januari ni mwezi wake kama ulivyo wangu. Kutwa nyundo yake inagonga na cherehani yangu inaitikia.

Amekataa malipo. "Shikamoo mama. Hilo komeo la zamani lilikuwa la kuku," amesema.

Bi Mwanahawa na mimi tuna utaratibu wetu. Krismasi tukienda kwa ndugu, nampa ufunguo. Anawasha taa jioni, anafagia uwanja ili ionekane kuna watu. Idi wakienda wao, ufunguo unakuja kwangu. Hatujawahi kuukalia kikao. Alianza yeye, mwaka niliohamia hapa.


Jumamosi, 16 Novemba

Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu, Mahona, amekuja na madaftari na kofia. Kapitisha sheria: yowe likipigwa, kila kaya itoe mwanamume mwenye fimbo, mvua au jua. Asiyetoka atatozwa mbuzi, kama walivyofanya wazee wa sungusungu huko vijijini.

Mtu mmoja akauliza, na tukifika tufanye nini? Mahona akasema, "Ukifika usiulize maswali. Maswali ni ya mahakama."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Niliisikia ile ovaloku mikononi mwangu nikipiga.


Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Mahindi ya uani yameota. Sylvester amepata kikohozi. Sijalala vizuri tangu siku ile.


Jumanne, 3 Desemba

Wameingia kwa Advera, mwenzetu wa jumuiya. Alikuwa Igunga kwenye msiba wa shangazi yake, mtu yuko makaburini, wao wanabeba televisheni na magodoro. Magodoro! Mtu anatoka kuzika anakuja kulala sakafuni.

Nimempelekea mkeka na blanketi. Nikimkamata mwizi huyo sitampeleka popote.


Ijumaa, 13 Desemba

Marko wa jumuiya naye ameibiwa. Alikwenda Urambo kuuza tumbaku ya kaka yake. Wamechukua sola, betri, na jogoo wa Krismasi.

Nilikuwa napiga pasi ndipo likanijia, nikaiweka pasi chini. Advera aliombewa. Jumamosi ile alisimama kwenye jumuiya akasema, "Naomba mniombee, nakwenda Igunga Jumapili, nitarudi Jumanne." Marko aliombewa. Alitaja mpaka basi atakalopanda. Na sisi siku ile kila mtu alijua tuko kwa Getruda kwenye rozari.

Tunasalia barazani, sauti inafika barabarani, na barabarani hupita watu wa kila namna. Tunamweleza Mungu siku ya kuondoka na siku ya kurudi, kana kwamba Yeye hajui, na mwizi anasimama pale nje na baiskeli yake anasikiliza maombi mpaka "Amina".

Nikamwambia Sylvester, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Akaudhika.

"Sasa unataka watu wasiombe?"

"Waombe kimyakimya. Mungu si kiziwi."

Akasema nimeanza kumtilia shaka kila mtu. Ni kweli. Namtilia shaka hata yeye, kwa upole wake. Mwanamume gani anaibiwa na hakosi usingizi hata siku moja?


Jumamosi, 21 Desemba

Leo nimedanganya katika sala.

Nilimwomba Sylvester atangaze kwamba tunakwenda Igunga kwa kaka yake Krismasi. Akakataa. Alisema hawezi kulitumia jina la Mungu kuwa chambo. Basi ulipofika wakati wa maombi nikasimama mwenyewe, kwa sauti ya sokoni: "Naomba mtuombee. Tunaondoka Jumanne, tutarudi baada ya mwaka mpya. Nyumba tunamwachia Mungu." Wakaitikia wote. Sylvester aliangalia miguu yake.

Hatuendi popote. Jumanne tutapanda bajaji na mabegi mbele ya watu, jioni tutarudi kwa uchochoro wa nyuma watu wakiwa kanisani. Mlango wa nyuma nitauacha bila komeo. Mchi wa kinu utakuwa mkononi mwangu.

Sijamwambia mtu mwingine. Siri ya watu wawili tayari ni ya watu wengi.


Jumanne, 24 Desemba

Tumeondoka, tumerudi. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni kwake akichambua mchele tulipopakia mabegi. Aliniangalia mikono, nadhani alisubiri ufunguo. Nilijifanya nahangaika na zipu ya begi. Akasema tu, "Safari njema, jirani."

Tunakula mkate mkavu. Hatuwashi moto. Sylvester anakohoa ndani ya mto.


Alhamisi, 26 Desemba

Ninayoyaandika ni ya jana, siku ya Krismasi.

Tulikaa chumbani kutwa, mapazia chini. Ilikuwa Krismasi ya kwanza Sylvester kukosa misa tangu abatizwe. Kengele zilipolia alipiga magoti kando ya kitanda akasali kwa midomo tu. Nilimwonea huruma, halafu nikakasirika kwamba ananifanya nimwonee huruma.

Alasiri mvua ikaja. Si mvua ya kawaida, ilikuwa inapiga bati mpaka ukitaka kusema neno unamshika mwenzako bega. Sylvester akapatwa na kikohozi, na kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa hakukizuia. Alikohoa kwa nguvu zake zote. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni.

Mlango ukasukumwa. Taratibu. Kwanza niliona ncha ya nondo, halafu mkono ulioishika, halafu kichwa kilichofunikwa kiroba kwa ajili ya mvua. Midomo yake ilikuwa inacheza, anasema kitu, sikusikia. Sikutaka kusikia. Niliona ovaloku yangu, godoro la Advera, jogoo wa Marko. Nikaushusha mchi kwenye mkono ule kwa nguvu zote nilizonazo, na mkono ukavunjika, hilo nililisikia hata ndani ya mvua ile. Nikampiga tena begani. Akaangukia nje kwenye tope. Nikatoka, nikasimama juu yake, nikapiga yowe. Mwizi! Mwizi! Mwizi!

Sheria ilifanya kazi. Sijawahi kuona mtaa huu ukifanya jambo kwa haraka namna ile. Watu walitoka na mafuta ya pilau midomoni, kila mmoja na fimbo yake. Hakuna aliyeuliza swali. Walimpiga na kiroba kikiwa kichwani, wengine wakimpiga mateke, na mimi nasema mpigeni. Ndiyo, nilisema. Mpigeni.

Sylvester alitoka ndani akiwa na soksi. Sijui alimtambuaje, labda miguu, labda zile ndara za tairi. Alilala juu yake. Mume wangu, mzee mwenye kifua kibovu, alijilaza juu ya mtu kwenye tope na fimbo zikamshukia mgongoni, akapiga kelele, "Nassibu! Ni Nassibu wa Mwanahawa!" Ilibidi aseme mara nyingi ndipo fimbo zikakoma.

Mtu akakivuta kile kiroba. Ndiye.

Mahona, naye alikuwa na fimbo, akasema, "Sasa alifuata nini humu?"

Bi Mwanahawa alifika wa mwisho, na mwavuli. Hakumwangalia mtu yeyote. Alipiga magoti akaweka mwavuli juu ya kichwa cha mwanawe, kisha akanijibu mimi, ingawa si mimi niliyeuliza.

"Nilimtuma mimi. Hukuniachia ufunguo, nikasema labda umesahau, basi tuangalie kwa nje tu. Akasikia mtu anakohoa humo ndani, na ninyi mmesafiri. Akachukua nondo yake akaja kuwafukuza wezi wenu."

Mkono wa kulia umevunjika pawili. Mbavu mbili. Sikio la kushoto halisikii, hospitalini Kitete wanasema tusubiri. Sylvester mgongo umevimba mistari mistari na hajaniambia neno moja baya. Afadhali angeniambia.

Nilikuwa na hasira na wezi. Bado ninayo. Lakini leo asubuhi nilipouona ule mchi umeegemea ukuta, nimesafishiwa na mtu, sijui nani, nilijichukia kuliko nilivyowachukia wezi.


Jumatatu, 30 Desemba

Mahona amekuja, kakaa, kanywa chai.

"Mama Leodgar, polisi wakija, wewe sema alikutwa uani na nondo. Si uongo huo. Waliompiga ni wananchi wenye hasira kali. Yanaishia hapo."

"Wananchi hao hawana majina?"

"Ukianza kutaja majina utamaliza mtaa. Utaanza na la kwako."

"Na Nassibu atakuwa nani kwenye maelezo hayo?"

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha. "Kijana atapona," akasema.

Nimeelewa. Nassibu akiwa mwizi, sisi wote ni raia wema. Nassibu asipokuwa mwizi, mtaa mzima, pamoja na mwenyekiti na kofia yake, ulimpiga mtoto wa jirani aliyekuja kutulinda. Nilimnyang'anya kikombe nikamwambia mvua imekatika, aende.


Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Nyundo haigongi.


Jumatatu, 6 Januari

Wateja wamejaa. Sijawahi kupata wateja namna hii, na najua sababu, ndiyo maana nakata kitambaa kama nakata mtu. Mimi sasa ni shujaa. "Ndiye huyu mama aliyemkamata mwizi wa Krismasi kwa mchi." Wananishika mkono. Mmoja aliomba kuuona mchi.

Leo amekuja mama kutoka Kipalapala na binti yake anayeanza bweni. Nikampima binti. Mama akasema, "Nilitaka tranka hapo jirani, naona yamepangwa mazuri. Lakini nimeambiwa sokoni kwamba ni ya yule mwizi. Nikiyanunua si nitakuwa nimenunua bati la watu?"

Nikamwambia si mwizi. Akacheka, akidhani namtania. Nikamwambia tena, kwa ukali, na binti akarudi nyuma. Wakachukua kipimo chao wakaenda kwa fundi mwingine.

Matranka yamepangwa barazani kwa Bi Mwanahawa, ya bluu na ya kijani. Nassibu aliyatengeneza yote kabla ya Krismasi. Wazazi wanapita wanayaangalia, wanaangalia na nyumba, wanaendelea na safari.


Alhamisi, 9 Januari

Nimekwenda. Nimetoka nyumbani nikarudi, nikatoka tena.

Nassibu alikuwa barazani, mkono umefungwa plasta. Akajaribu kusimama. "Shikamoo mama," akasema. Sikuweza kuitikia. Nilikaa kwenye mkeka.

Nikamwuliza alisema nini siku ile, mlangoni. Alikuwa akisema kitu.

"Niliita, 'Baba Leodgar, ni wewe?' Kikohozi kilifanana na chake. Lakini mmesafiri, nikasema labda mwizi amewarudia." Akageuza kichwa ili sikio zima liwe upande wangu. "Mlikuwa mmejificha?"

"Ndiyo."

"Mngetuambia tu. Tungenyamaza."

Bi Mwanahawa akatoka ndani. Nikamwomba msamaha, nikasema hospitali ni juu yangu, nikasema mengi. Akaniacha nimalize.

"Hospitali utalipa, hilo halina mjadala. Ila hujajibu salamu ya mtoto."

Nikasema marahaba. Sauti ilitoka kidogo mno.

"Siku ile ulikuwa na sauti," akasema, akaingia ndani.


Jumapili, 12 Januari

Mkutano wa mtaa. Nilijua nitasema, na Sylvester alijua. Asubuhi, akijipaka dawa mgongoni, alisema, "Ukisimama, nitasimama." Miaka yote nimemwita mpole kana kwamba ni ugonjwa.

Mahona alifungua na mambo ya taka. Akaendelea na mitaro. Nikaona anataka kufunga, nikasimama bila kuitwa.

Nilisema hivi: Nassibu Mabruki si mwizi. Alikuja kulinda nyumba yangu kwa sababu mama yake amekuwa akiilinda tangu nilipohamia. Niliyedanganya safari ni mimi. Niliyemvunja mkono ni mimi. Aliyepiga yowe ni mimi. Waliompiga baadaye ni ninyi, na sitawaita wananchi wenye hasira kali, kila mmoja ana jina na mama yake anajua alivyombatiza au alivyomwita. Polisi nimekwenda jana na Sylvester, nimeandika maelezo, jina langu ni la kwanza. Anayetaka kunifuata, ofisi iko wazi.

Sylvester akasimama kando yangu. Getruda akasema, "Lakini mama, aliingia na nondo." Nikamwuliza alitaka amfukuze mwizi kwa rozari? Sikupaswa kusema hivyo, lakini nimekwisha kusema.

Hakuna mwingine aliyesimama. Advera alilia. Marko alitazama nje. Mahona alisema mkutano umepokea taarifa, akafunga.

Nje nilimkuta Bi Mwanahawa chini ya mwavuli. Nilidhani atanishika mkono. Nilitaka anishike mkono, siwezi kudanganya.

"Hawa wanajua," akasema. "Walikuwepo, wanajua tangu siku ile. Wasiojua wako sokoni."


Jumamosi, 18 Januari

Jumuiya leo sikwenda. Tangu Jumatatu naamkia sokoni. Cherehani nimeifunika. Sare nilizopokea nimezimaliza, mpya sipokei, na shule zimeshafunguliwa. Januari yangu imepita hivyo.

Nilianza na wauza mchele, nikaja wauza nyanya, dagaa, mitumba, mpaka kule kwenye mabati na misumari anakojulikana zaidi. Nasimama mbele ya kila meza. Nasalimia. Nasema, mimi ndiye mama wa mchi, yule kijana fundi bati si mwizi, nilimpiga kwa makosa, mkisikia mtu anamwita mwizi mwambieni mimi nimesema. Wengine wananisikiliza. Wengine wanauliza kama nanunua. Kijana mmoja wa mitumba alisema nimechanganyikiwa, nikamshika kola nikamwambia nilichanganyikiwa Desemba, sasa hivi nina akili zangu zote. Alisema samahani mama.

Nassibu ameuza tranka moja Alhamisi. Nassibu mwenyewe hakunitangazia, nimeona limebebwa.

Leo ilikuwa zamu ya wauza asali. Mvua ilikuwa inaninyeshea mgongoni, mwavuli sikuwa nao. Muuzaji, mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia pole, akasema ni jambo zuri kuja kusema.

Kisha akauliza, "Basi mwizi ni nani?"

Nikamwambia hata mimi sijui, hajakamatwa.

Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, akauvuta mkoba wake wa pesa karibu naye.